Mbuga na Hifadhi: Tofauti za Maana na Matumizi

Maneno mbuga na hifadhi hayana udugu wowote wa asili. La kwanza ni neno la Kibantu na hutaja sura ya nchi. La pili limetoka katika Kiarabu na hutaja tendo la kulinda. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo maneno haya mawili yamekutana mahali pamoja, yaani katika kutaja maeneo ya wanyamapori, na watumiaji wengi huyachukulia kuwa visawe. Wanafunzi huandika "mbuga ya taifa" na "hifadhi ya taifa" katika insha moja bila kubagua, na wafasiri hukutana na neno la Kiingereza "park" wakachagua lolote kati ya hayo mawili.

Makala haya yanaeleza maana ya kila neno, yanaonyesha mahali yanapokutana na yanapoachana, kisha yanatoa mwongozo kwa mfasiri na mwalimu. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, Tanzania, kwa kuwa huko tofauti ya maneno haya huweza kuamua kama mtu atavuna mpunga wake au hatavuna.

Maana kwa ufupi

Mbuga ni nchi tambarare, pana, yenye nyasi na miti michache, ambayo mara nyingi hutuama maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi.

Hifadhi ni ulinzi, au kitu, mahali au eneo lililowekwa chini ya ulinzi.

Mbuga, basi, imeumbwa na maji, udongo na majani, ilhali hifadhi imeumbwa na uamuzi wa watu. Mbuga huweza kuwapo pasipo mtu yeyote kuijua, lakini hifadhi haipo mpaka pawepo anayehifadhi.

MBUGA

Ngeli: I-/ZI-. Mbuga hii ni pana. Mbuga hizi ni pana. Umbo la mahali ni mbugani.

Maana ya kwanza: nchi tambarare ya nyasi. Hii ndiyo maana ya msingi.
Mfano: Ng'ombe walishuka mbugani baada ya maji kupungua.
Mfano: Kutoka kilimani tuliiona mbuga yote, na twiga watatu katikati yake.

Maana ya pili: ardhi ya chini yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Katika Kiswahili cha bara, hasa katikati na magharibi ya Tanzania, mbuga si nyasi tu bali ni aina ya udongo. Udongo huu hunata mvua inaponyesha na hupasuka nyufa pana jua linapowaka. Anayeupita kwa baiskeli mwezi wa Aprili hulazimika kuibeba baiskeli yake. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kileleni hadi bondeni. Neno mbuga limetumiwa na wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki kutaja udongo huo mweusi wa chini, hata wanapoandika kwa Kiingereza. Hapa Kiswahili ndicho kilichokikopesha Kiingereza neno.
Mfano: Shamba la juu nimepanda mahindi, la mbugani nimepanda mpunga.

Maana ya tatu: eneo la wanyamapori linalotembelewa na watalii. Maana hii ni ya baadaye na imeenea sana katika mazungumzo, habari za redio na matangazo ya utalii.
Mfano: Wanafunzi walikwenda mbugani kuona tembo.

Neno hili limezaa pia majina ya mahali. Mitaa na kata zinazoitwa Mbugani zimo Mwanza, Tabora na kwingineko. Majina hayo yametokana na maana ya kwanza na ya pili, si ya tatu. Anayeishi Mbugani mjini Tabora haishi miongoni mwa simba.

HIFADHI

Ngeli: I-/ZI- likiwa nomino. Hifadhi hii ni kubwa. Hifadhi hizi ni kubwa. Umbo la mahali ni hifadhini, ingawa "ndani ya hifadhi" hutumika zaidi.

Asili: mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kulinda na kuweka moyoni. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata ukoo mkubwa wa maneno: -hifadhi, -hifadhiwa, mhifadhi, uhifadhi, hifadhidata, na pia mhafidhina, yaani mtu ashikiliaye mambo ya zamani asipende mabadiliko.

Kitenzi -hifadhi kina matumizi haya:

1. Kulinda kisidhurike. Mungu akuhifadhi.
2. Kuweka kwa matumizi ya baadaye. Mchele huhifadhiwa mahali pakavu. Nyaraka zimehifadhiwa katika kabati.
3. Kuweka moyoni, kukariri. Mtoto amehifadhi Kurani.
4. Kutunza mazingira yasiharibiwe. Kijiji kinahifadhi chanzo chake cha maji.

Nomino hifadhi nayo imepanuka kupita maeneo ya wanyama:

1. Kimbilio. Familia ile iliomba hifadhi katika nchi jirani. Mtu huyo huitwa mwomba hifadhi.
2. Kinga ya kipato kwa wazee, wagonjwa na wasiojiweza. Kwa maana hii husemwa hifadhi ya jamii, kama katika jina la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii nchini Tanzania.
3. Ukanda wa ardhi uliotengwa kando ya miundombinu. Hifadhi ya barabara kwa barabara kuu na za mikoa nchini Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyochorwa alama ya X imo ndani ya hifadhi, ingawa hakuna mnyama hata mmoja.
4. Eneo lililotengwa kisheria kwa ajili ya wanyama, misitu, bahari au vyanzo vya maji.

Msomaji ataona kwamba katika maana zote wazo ni moja: kuna kitu, na kuna mtu au sheria iliyosimama mbele yake. Hakuna hata maana moja inayotaja nyasi, utambarare au udongo.

Yalikutanaje?

Ikiwa maana zake zimeachana hivi, kwa nini maneno haya huchanganywa? Sababu inaonekana katika maeneo yaliyovuma kwanza. Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, Serengeti iliyofuata mwaka 1951, na Mikumi ya mwaka 1964 zote zina nyanda pana za nyasi. Waliokwenda kuona wanyama walikwenda, kwa kweli kabisa, mbugani. Sehemu ikachukua nafasi ya jumla: jina la uwanda wa nyasi likawa jina la eneo zima lenye mipaka, askari na lango la kulipia.

Upanuzi wa namna hii ni jambo la kawaida katika lugha, na si kosa kwa wenyewe. Msemaji wa mitaani akisema "tulikwenda mbuga ya Serengeti" anaeleweka na hasemi uongo, kwa kuwa Serengeti ni mbuga na pia ni hifadhi. Tatizo huanza neno hilo linapopelekwa mahali pasipo na uwanda.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ni kilomita za mraba 1,990 za milima na msitu mzito. Kuiita "Mbuga ya Milima ya Udzungwa" ni kusema "uwanda wa milima", maneno yanayopingana yenyewe kwa yenyewe. Vivyo hivyo Rubondo ni kisiwa cha msitu katika Ziwa Viktoria, Gombe ni miteremko inayoangukia Ziwa Tanganyika, na Kilimanjaro haihitaji maelezo. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na humo wanaolindwa ni samaki, kasa na matumbawe. Neno hifadhi linaingia bila shida katika maeneo haya yote, lakini mbuga linagoma.

Mfano wa Mbingu, Bonde la Kilombero

Mbingu, hapa, ni jina la mahali. Ni kata iliyo kando ya njia itokayo Ifakara kuelekea Mlimba. Upande mmoja imeinuka milima ya Udzungwa, na upande mwingine umetandaza uwanda wa mafuriko wa mto Kilombero, mto ambao ukiungana na Luwegu huwa Rufiji. Mtu akisimama Mbingu ana maneno yetu mawili mbele na nyuma yake.

Juu milimani kuna hifadhi isiyo mbuga. Sehemu ya milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa, na sehemu nyingine ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Ni msitu, mawe na maporomoko ya maji.

Chini bondeni kuna mbuga kwa maana yake halisi: nchi tambarare, nyasi ndefu, maji yanayopanda wakati wa masika na kushuka kuanzia Juni. Mbuga hii ndiyo shamba. Mpunga hulimwa humo, wakulima hujenga madungu ili kufukuza ndege, samaki huvuliwa maji yanapotuama, na mifugo hulishwa yanapopungua. Humo pia ndimo anamoishi sheshe, swala wa majimaji ambaye bonde hili limejulikana ulimwenguni kwa ajili yake.

Je, mbuga hii ni hifadhi? Jibu limebadilika kwa nyakati, na mabadiliko hayo ndiyo yanayofanya uteuzi wa neno kuwa jambo zito.

Mwaka 1952 sehemu kubwa ya bonde ilitangazwa kuwa Pori Tengefu. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, kilichodhibitiwa katika pori tengefu kilikuwa uwindaji. Watu waliweza kuishi, kulima na kufuga humo. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko, hekta 796,735, uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo peke yake haufungi shamba la mtu, kwani msingi wake ni matumizi ya busara ya ardhioevu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo iliyobadilisha hali: ilikataza kulisha mifugo katika mapori tengefu bila kibali, na pia iliagiza kwamba ardhi ya vijiji isijumuishwe katika mapori hayo. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikafanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Mwaka 2023 eneo hilo, kwa mipaka iliyopitiwa upya, likapandishwa hadhi na kuwa Pori la Akiba Kilombero.

Katika miaka hiyo yote mbuga ilibaki mbuga. Maji yalipanda na kushuka vilevile, na udongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni hadhi yake ya ulinzi, yaani kadiri ilivyokuwa hifadhi. Anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hawezi hata kuisimulia historia hii, kwa sababu hana namna ya kusema kwamba kimoja kilibaki na kingine kikabadilika.

Sasa tuchukulie tangazo lililobandikwa katika ofisi ya kijiji kilicho bondeni:

"Ni marufuku kulima mbugani."

Mwandishi wa tangazo, aliyezoea lugha ya utalii, alikusudia kusema ndani ya mipaka ya eneo lililohifadhiwa. Mkulima anayelisoma anaelewa kwamba amekatazwa kulima mpunga popote katika nchi ya chini, hata ndani ya ardhi ya kijiji chake. Wawili hawa hawatofautiani juu ya sheria. Wametofautishwa na neno. Mmoja wao anaweza kuacha shamba alilo na haki nalo, na mwingine, akilisikia neno hilohilo kwa maana yake mwenyewe, anaweza kulima asikopaswa akidhani mbuga iliyokatazwa ni nyingine. Tangazo sahihi lingesema:

"Ni marufuku kulima ndani ya mipaka ya Pori la Akiba."

Kinyume chake nacho hutokea. Katika muhtasari wa mkutano mtu anasema, "Mbuga yetu imechukuliwa." Mfasiri wa ripoti anaandika kwa Kiingereza kwamba wanakijiji wanadai "park" yao imechukuliwa. Msomaji wa ripoti anashangaa, kwani kijiji hakina "park". Msemaji alikuwa ametaja malisho na mashamba ya mpunga. Malalamiko yake yamepotea njiani, na hakuna aliyedanganya.

Neno hifadhi katika sheria ya ardhi ya Tanzania

Mfasiri wa nyaraka za Tanzania hana budi kujua kwamba hifadhi ni istilahi ya kisheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaigawa ardhi yote katika aina tatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Hifadhi za taifa, mapori ya akiba, misitu ya hifadhi na hifadhi za barabara zote zimo katika aina ya tatu. Kwa hiyo sentensi "shamba hili limo katika hifadhi" ni dai la kisheria lenye matokeo. Sentensi "shamba hili limo katika mbuga" ni maelezo ya sura ya nchi tu na haina uzito wowote mbele ya baraza la ardhi.

Hapa pia pana tahadhari: si kila hifadhi imefungwa kwa kiwango kimoja. Katika hifadhi ya taifa hakuna makazi wala kilimo. Katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, sheria iliruhusu wafugaji kuishi pamoja na wanyama. Katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, vijiji vyenyewe ndivyo vilivyotenga ardhi yao. Neno hifadhi linasema kwamba kuna ulinzi, lakini halisemi ulinzi gani. Kwa hiyo katika maandishi rasmi jina kamili lazima litajwe angalau mara ya kwanza.

Mwongozo wa kufasiri kutoka Kiingereza

Neno "park" lina asili ya kutaja ardhi iliyozungushiwa ua kwa ajili ya wanyama wa kuwindwa. Wazo la kufunga na kulinda limo ndani yake tangu mwanzo, na wazo la uwanda halimo. Ndiyo maana "park" hukaribiana na hifadhi kuliko mbuga. Lakini "park" ina maana nyingine pia, na kila moja ina neno lake:

- "National park": hifadhi ya taifa. Kwa hiyo chombo kinachozisimamia Tanzania huitwa Shirika la Hifadhi za Taifa.
- "Park" ya mjini yenye maua na viti vya kupumzikia: bustani.
- "To park" kwa maana ya kusimamisha gari: kuegesha, katika mazungumzo, kupaki.
- "Marine park": hifadhi ya bahari.

Neno "reserve" lina mitego zaidi, kwa kuwa Kiswahili sanifu cha Tanzania kimeligawa:

- "Game reserve": pori la akiba.
- "Forest reserve": msitu wa hifadhi, au hifadhi ya msitu.
- "Nature reserve": hifadhi ya mazingira asilia.
- "Road reserve": hifadhi ya barabara.
- "Reserve" ya fedha au chakula: akiba.

"Game controlled area" ni pori tengefu. "Conservation" ni uhifadhi, na "conservation area" ni eneo la hifadhi.

Neno "plain" kwa maana ya nchi ndilo linalofaa kufasiriwa mbuga, ikiwa nchi hiyo ina nyasi. Ikiwa haina nyasi, au kinachotajwa ni utambarare wake tu, uwanda ni bora zaidi. "Floodplain" ni uwanda wa mafuriko. Katika maandishi yanayowalenga wakulima wa bara, mbuga huweza kutosha.

Matumizi nchini Kenya na Kongo

Nchini Kenya mbuga ya wanyama, na mbuga ya kitaifa, ni matumizi yaliyokita mizizi katika vyombo vya habari na vitabu vya shule. Mwalimu wa Kenya hana sababu ya kumkosoa mwanafunzi aliyeandika "Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi". Anayoweza kumfundisha ni kwamba neno hilo halitoshi pale hadhi za maeneo zinapotofautishwa. Maasai Mara, kwa mfano, si hifadhi ya taifa kama Tsavo. Inasimamiwa na kaunti. Kuyaita maeneo yote mbuga kunaficha tofauti hiyo.

Mashariki mwa Kongo, kwa athari ya Kifaransa, wasemaji wengi husema parki wanapotaja Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mfasiri anayeandikia wasomaji wa Goma au Bukavu anaweza kuandika hifadhi na kuongeza parki mara ya kwanza ili aeleweke.

Kwa maandishi yanayovuka mipaka ya nchi, hifadhi ndilo neno salama, kwa kuwa linaeleweka kote na halipingani na sura ya eneo lolote.

Maneno jirani

Uwanda: nchi pana iliyo wazi, yenye nyasi au isiyo nazo.
Tambarare: iliyo sawa, isiyo na vilima. Hutumika zaidi kama sifa: nchi tambarare.
Bonde: nchi ya chini kati ya miinuko. Bonde huweza kuwa na mbuga ndani yake. Kilombero ni mfano.
Nyika: nchi kavu ya vichaka, isiyokaliwa sana.
Pori: nchi isiyolimwa, yenye miti na vichaka. Pori la akiba na pori tengefu ni istilahi za kisheria. Pori peke yake si istilahi.
Kinamasi: mahali palipo na maji na matope muda mrefu. Mbuga hukauka, lakini kinamasi kwa kawaida hakikauki.
Ardhioevu: istilahi ya kitaalamu inayojumuisha vinamasi, nyanda za mafuriko, kingo za maziwa na mikoko.

Tahadhari ya tahajia

Maneno yafuatayo yasichanganywe na mbuga:

Wambunga: jina la kabila lililo Ifakara na maeneo ya jirani. Mbunga ni mtu mmoja wa kabila hilo, naye hana uhusiano na mbuga. Kuandika "Wambuga" ni kosa linaloonekana hata katika ripoti zilizochapishwa.
Mbung'o: mdudu aenezaye malale.
Mbungo: mmea utambaao wenye matunda yaliwayo.

Makosa ya kawaida na masahihisho yake

Kosa: Hifadhi ya Kilombero hujaa maji kila masika.
Sahihi: Mbuga ya Kilombero hujaa maji kila masika.
Sababu: kinachojaa maji ni nchi, si hadhi yake.

Kosa: Serikali imetangaza mbuga mpya.
Sahihi: Serikali imetangaza hifadhi mpya.
Sababu: mbuga haitangazwi, ipo tayari.

Kosa: Mbuga ya Mlima Kilimanjaro.
Sahihi: Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.
Sababu: mlima si uwanda.

Kosa: Alijenga nyumba katika mbuga ya barabara.
Sahihi: Alijenga nyumba katika hifadhi ya barabara.

Kosa: Ng'ombe wanapenda nyasi za hifadhi, kwa maana ya nyasi za uwandani.
Sahihi: Ng'ombe wanapenda nyasi za mbugani.
Sababu: sentensi ya kwanza inamtuhumu mwenye ng'ombe. Ya pili inataja malisho tu.

Kipimo cha haraka

Mtumiaji akiwa na shaka ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, sheria ikifutwa leo, kitu hiki kitakuwapo kesho? Kikiwapo, ni mbuga. Kikitoweka, ni hifadhi. La pili: je, naweza kuweka jina la anayelinda? Ikiwa sentensi inakubali maneno "inayolindwa na", neno linalotakiwa ni hifadhi.

Pale ambapo mambo yote mawili ni kweli, kama Serengeti au sehemu ya Bonde la Kilombero, mwandishi achague kwa kuangalia anataka kusema nini. Akieleza maji, udongo, nyasi, mpunga au wanyama wanavyotembea, aseme mbuga. Akieleza mipaka, vibali, faini, fidia au haki, aseme hifadhi, na ataje ni hifadhi ya aina gani.

Muhtasari

Mbuga ni neno la jiografia. Hifadhi ni neno la sheria na la matendo ya watu. Kwa mazungumzo ya kawaida kuhusu utalii, mbuga halikatazwi. Kwa majina rasmi, mikataba, matangazo ya vijiji, taarifa za habari kuhusu migogoro ya ardhi na tafsiri ya nyaraka, maneno haya mawili yatenganishwe kila mara. Katika nchi kama ya Mbingu, watu wengi hupata chakula chao mbugani na hukumbana na sheria hifadhini. Mwandishi anayeyatenganisha maneno haya huwawezesha kujua ni wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanzia.